Anayetaka nyumba ya kuelea baharini aanze na barafu na maji, mashine baadae

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule kijana aliyeandika humu kwamba anatafuta wenzake wachange hela watengeneze nyumba ya kuelea, wakae na wake zao na watoto baharini huku Kusini, wavue samaki wa kula na wa kuuza, wasilipe kodi ya nyumba wala wasihangaike kurudi pwani kila siku. Barua yake nimeisoma mpaka mwisho na wazo lenyewe silicheki hata kidogo, ila ile orodha ya vifaa ndo imenifanya niandike. Kaweka mashine mbili za boti za Yamaha 40, sola, betri za lithiamu, fishifainda ya kutafutia samaki, intaneti ya satelaiti, tivii, friza, alafu mwisho kabisa "na deli la samaki". Deli moja, yani kasha moja tu la barafu! Maji ya kunywa hayamo popote. Sasa mi ni mchuuzi wa samaki hapa Kilwa Kivinje, nanunua kwa wavuvi napeleka Dar, kaka zangu ni mabaharia na utoto wangu mwingi umepita kwenye madago, yale makambi ya muda ya wavuvi, kwahiyo naomba niseme ninavyoijua kazi hii kwa ule upande ambao wanaume wakienda dukani kununua mashine huwa hawauangalii.

Kwanza watu kuishi baharini na familia sio jambo jipya, tusijifanye tumeligundua leo. Wapemba wa Kojani wanapiga dago tangu enzi za babu zao, kaskazi inawapeleka mpaka pwani ya Kenya huko, wengine wanashuka Mafia na huku kwetu, wanakaa vijisiwani wanavua, wanakausha, wanauza, wanahama. Madagaska, pwani ya kusini magharibi, kuna Wavezo, hawa wanahama na mke na watoto na masufuria kwenye ngalawa zao, wakifika kwenye fungu la mchanga lile tanga lililowaleta linashushwa linageuka hema la kulala. Na Wabajau wa upande wa Malaysia, Indonesia na Ufilipino, wao walikuwa wanazaliwa na kuzeekea ndani ya chombo kinaitwa lepa, ingawa wengi siku hizi wameshahamia kwenye nyumba za nguzo. Sasa angalia, katika wote hao hakuna hata mmoja aliyejenga nyumba akaitia nanga katikati ya bahari akasema nakaa hapa mwaka mzima. Wana vyombo. Upepo ukigeuka na wao wanageuka.

Kijana yeye anataka jukwaa la mbao juu ya mapipa ya plastiki. Pipa la lita 200 likizama lote linabeba kilo zisizofika 200, na hakuna mtu anataka lizame lote, kwahiyo piga nusu. Sasa weka mbao, bati, kitanda, tangi la maji, watu 8, samaki, barafu, mafuta, uone unahitaji mapipa mangapi, na kila pipa limeshikwa na kamba inayosagika usiku na mchana. Mwezi wa kwanza utakaa vizuri, bahari ya kaskazi ikitulia hata mtoto anaoga pembeni. Ngoja kusi, ule upepo mkali wa kusini, iingie, mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Halafu kuna vimbunga pia, tulikuwa tunajidanganya kwamba vimbunga ni vya Msumbiji, 2024 tarehe 4 mwezi wa tano Hidaya ikatua Mafia, tukaambiwa na TMA, wale wa hali ya hewa, mapema mtu asiingie baharini na waliosikia wakavuta vyombo juu. Jukwaa la mapipa unalivuta wapi?

Najua ataniambia mbona Pemba kaskazini kwenye hoteli ya Manta kuna chumba kinaelea tangu 2013, ambacho chini yake mtu analala anaangalia samaki dirishani. Kipo, sikatai, kizuri mno. Ila kile ni chumba cha mgeni wa siku chache, kiko karibu na pwani, chakula kinaletwa kwa boti, na hakuna anayepara samaki pale sebuleni. Na yule Mmarekani na mwenzake waliokaa kwenye kijumba cha kuelea nje ya Phuket huko Thailand wakidhani wametoka nje ya maili 12 basi hawana serikali, 2019 jeshi la maji la Thailand likaja likakivuta kikarudishwa pwani. Kwahiyo mapipa tuyaache. Tuseme anatengeneza chombo, mashua ya futi 40 hivi au fiba yenye upana wa kutosha, yenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, inayoweza kupanda mchangani maji yakitoka ikakaa kwa mbavu zake, ikapigwa kalafati ya kuziba mianya, ikasuguliwa makombe tumboni. Hiyo ndo nyumba. Hapo sasa tuzungumze vifaa.

Barafu. Hapa nitakaa sana mnivumilie.

Samaki wa huku akitoka majini yuko kwenye joto la maji yenyewe, nyuzi 27 au 28, na juu kuna jua. Kumshusha kutoka hapo mpaka sifuri, kilo moja ya samaki inakula barafu kama theluthi ya kilo, na hiyo ni kumpoza tu, bado hujamtunza hata siku moja. Ndo maana kanuni ya watu wa uvuvi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na kasha likiwa bovu hata hiyo haitoshi. Maana yake ukitaka kurudi na kilo 300 za samaki uondoke na kilo 300 za barafu na za ziada, maana kuna ile itakayoyeyuka kabla hujapata hata kibua. Deli moja la kijana lingejaa siku ya kwanza asubuhi.

Mi nikipanda kwenye boti kununua, samaki wa juu siwaangalii kabisa, wale wamepangwa kwa ajili yangu. Naingiza mkono mpaka chini ya kasha. Nikikuta maji yamesimama, ya vuguvugu, mekundu, na samaki wa chini ngozi imelainika vidole vinaacha alama, bei inashuka palepale na nahodha akinuna anune. Mara nyingi samaki alikuwa mzuri tu na barafu aliwekewa, ila kasha halina tundu la kutolea maji chini, au tundu lipo limezibwa na magamba, basi barafu imeyeyuka samaki wakaogelea kwenye damu yao wenyewe siku mbili. Kasha la maana lina ukuta wa foamu sentimita 10 sio ile ya vidole viwili, ndani fiba laini, kifuniko kinachobana, tundu chini kwenye kona yenye mteremko na kichanja cha mbao kwa chini samaki wasigusane na maji. Barafu inaanza chini, samaki, barafu, samaki, juu barafu tena, na pembeni zote pia, watu wanasahau pembeni. Samaki katolewa matumbo na mashavu, kaoshwa, kalazwa tumbo likiangalia chini maji yasituame ndani. Kasha lisikae jirani na mashine. Yani naandika haya kila mtu ananiambia anayajua, alafu nikitia mkono ni yaleyale.

Tena wawe na makasha mawili. Moja la samaki, la pili la barafu tupu, mabonge mazima yasiyovunjwa, linafunguliwa asubuhi na jioni tu, bonge zima linayeyuka polepole kuliko barafu iliyopondwa, unaponda ile ya matumizi basi. Watoto wakikaa chomboni hilo la pili lifungwe kufuli kabisa maana mtoto na barafu kwenye joto hili hawaachani.

Na jodari ni kesi ya peke yake. Jodari tofauti na samaki wengi ana damu ya moto, akipambana na mshipi anazidi kupata joto, ukimtupa vilevile kwenye barafu nje anapoa katikati bado anachemka. Mchinje umwage damu, toa mashavu na matumbo, jaza barafu tumboni, ndo umfunike. Jodari, sehewa, vibua, hawa wakikaa kwenye joto kuna sumu inajitengeneza ndani ya nyama inaitwa histamini, na hii ukikaanga haitoki, ukichemsha haitoki, ukija kumgandisha baadae haitoki. Mtu anakula baada ya muda mfupi uso mwekundu, anawashwa, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, anasema kalogwa. Na hebu fikiria ni nani atakula huyo jodari wa mashaka kwenye nyumba ya kuelea: mchuuzi kamkataa, mnadani hauziki, basi anapikwa chomboni, wanakula watoto.

Sasa kijana atasema friza ipo na sola ipo, barafu tutatengeneza wenyewe. Tupige hesabu pamoja. Paneli ya wati 200 kwa jua letu, ukitoa mawingu na upotevu, inakupa kama wati-saa 800 kwa siku. Kugandisha kilo moja ya barafu kutoka maji ya nyuzi 28 kwa friza ndogo inayofanya kazi kwenye joto la chomboni weka wati-saa 100. Paneli nzima siku nzima kilo 8 za barafu, na hujawasha hata taa. Ukivua kilo 100 kwa siku unahitaji paneli 12, 13, na mahali pa kuzitandika, na kwenye chombo cha tanga kivuli kinazunguka siku nzima. Haiwezekani, au inawezekana kwa tajiri. Barafu inunuliwe nchi kavu.

Ila jua hilohilo kwenye maji ya kunywa linafanya maajabu. Zile mashine ndogo za kuchuja maji ya chumvi, zile nzuri zinazorudisha nguvu ya presha, zinakula kama wati-saa 4 kwa lita. Kwahiyo ile paneli iliyokupa kilo 8 za barafu inaweza kukupa maji ya watu 8 kunywa na kupika kwa siku na ikabaki. Ndo maana nasema hela ya friza na tivii iende kwenye mashine ya maji, na filta za akiba, na isiwashwe bandarini wala mdomoni mwa mto penye tope na mafuta maana ule utando wa ndani ukishaharibika umeumia. Na usiitegemee peke yake hata siku moja, mashine ni mashine. Mtu mmoja kunywa na kupika weka lita 4 kwa siku, hapo kuoga na kufua hakumo, watu 8 ni lita 32, siku kumi ni lita 320, yani madumu 16 ya lita 20, kilo 320 zinazokaa chini kabisa kwenye mkuku zinakutulizia na chombo. Na turubai safi. Turubai la mita 10 za mraba likishika mvua ya milimita 10 unapata lita 100, masika huku hiyo ni mvua ya nusu saa, acha ya kwanza ioshe vumbi na chumvi kisha kinga. Vijisiwa vingi vya madago havina kisima cha maana, mama zetu walikuwa wanajua kijisiwa gani maji yake yanafaa kuosha vyombo tu.

Mashine sasa. Yamaha 40 ile ya kuchanganya oili ukiifungua yote inakunywa kama lita 18 kwa saa. Mbili ni 36. Dumu la lita 20 halimalizi hata dakika 40. Sasa nyumba yako inahama kwa petroli, na hiyo petroli inakaa kwenye madumu pembeni ya watoto na jiko. Kwa chombo cha kuishi weka dizeli moja ya ndani, ya nguvu ndogo, inayokwenda taratibu, na tanga lako, na spea zake unazijua kwa majina: impela, filta, mkanda, nozeli. Ile 40 moja ibaki kwenye boti ndogo ya kupeleka samaki mnadani na kuleta barafu, maana hapo ndo kasi inalipa. Mi sina ugomvi na mashine, nina ugomvi na mtu anayetumia hela zote kwenye mashine alafu anakuja haraka na samaki walioharibika.

Nanga nisiseme sana, wenye kazi zao wapo, ila kijana kaandika "nanga na kamba" tu. Maji yetu ya bamvua, yale makubwa, yanapanda na kushuka mpaka karibu mita 4 sehemu nyingine. Ukitia nanga maji yametoka kina mita 10, yakijaa uko kwenye 14, na kamba inatakiwa mara 5 mpaka 7 ya hiyo, kwahiyo mita 70 mpaka mia hivi, na mwisho wake kipande cha mnyororo maana matumbawe yanakata kamba kimyakimya. Nanga mbili. Tia kwenye mchanga sio juu ya mwamba, mwamba ndo shamba la pweza. Na usiku taa nyeupe ya nanga iwake mpaka asubuhi, meli kubwa hazijui kwamba hapo kuna watoto wamelala. Redio ya VHF chaneli 16, simu ndani ya chupa isiyoingia maji, laifujaketi za saizi ya watoto sio za baba zao, na mtoto anayetambaa afungwe kamba fupi kiunoni, Mungu anisamehe lakini ndo hivyo, mama anaparua samaki hawezi kushika na mtoto.

Jikoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja nyumbani inatoka mlangoni, ikivuja chomboni inashuka chini kwenye ngama, pale maji yanapotuama tumboni mwa chombo, inajikusanya hapo inasubiri kiberiti. Mtungi ukae juu, nje, kwenye sanduku lenye tundu la chini linalotoka baharini. Mkaa nao usiku ndani ya kibanda kilichofungwa unaua watu usingizini, tusidanganyane kwa kuwa tumezoea. Mi bado naona lile sanduku la mchanga na jiko juu yake, penye upepo, ndo jiko zuri la chombo. Na wa mjini wanaotaka kuhamia huko wafundishwe kisichopikwa: bunju haliwi, na kasa haliwi, mwezi wa tatu 2024 kisiwa cha Panza huko Pemba watu 9 walikufa kwa nyama ya kasa, 8 ni watoto, ukiachilia mbali kwamba sheria inakataza kumvua.

Kuna shule. Kijana kasema watoto watasoma kwa simu. Mi sijui, labda wa kwake. Wa kwetu tungesema familia nzima ikae chomboni likizo ya Desemba, kaskazi inaanza, bahari nzuri, nguru na jodari wanarambazwa, yani mshipi unakokotwa nyuma ya chombo, na likizo ya mwezi wa sita wakae kwa bibi maana kusi hiyo sio ya kuchezea. Siku nyingine zote chomboni wawe wakubwa tu. Hapo neno familia linapungua kidogo kwenye mpango wake, najua.

Zana za kuvulia sitaki kuwafundisha wavuvi. Ila ringneti, ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, inataka watu wengi na chombo cha peke yake, familia haivui ringneti. Mishipi, kurambaza, mtego wa dema, wavu wa jarife wa kiasi, na wanawake kwenye pweza maji yakitoka, hiyo ni kazi ya watu wanaoishi pamoja. Juya, ule wavu wa kukokota, wala wasiniambie. Vijiji vingi siku hizi, huku na Pemba, vinafunga miamba ya pweza kwa miezi, ukifika na nyumba yako ya kuelea ukatia nanga pembeni ya mwamba uliofungwa usitegemee kupokewa kwa kahawa. Unaripoti kwa serikali ya kijiji na BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, kwanza, chombo kina leseni yake na mvuvi ana ya kwake, TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, wanakagua chombo, Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu 1995 na ina maeneo ambayo huvui kabisa. Kuelea hakukutoi kwenye nchi. Wa Phuket waliliona hilo.

Sasa nije kwenye lililonikera zaidi, maana kijana kagawa mpaka mapato kwenye barua yake: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia. Wake zao watakuwa humo ndani mwezi mzima na hawana fungu. Nani atapanga samaki kwenye barafu? Nani atapasua samaki wa ng'onda siku barafu imekwisha, maana itakwisha, na hapo ni chumvi kama kilo moja kwa kilo tatu za samaki, apasuliwe mgongoni, asafishwe, atiwe chumvi, aanikwe kwenye kichanja sio kwenye mchanga, ageuzwe, aingizwe jioni umande usimpate? Hiyo kazi ndo inayookoa safari iliyoharibika. Kwenye madago niliyokulia ilikuwa inafanywa na mama zetu na mashangazi, na kwenye mgao jina lao halitajwi, wanapewa "kitoweo". Kijana kama anataka wenzake wa kuchanga, mimi na wenzangu wachuuzi hapa Kivinje tuna hela kidogo ya kuchanga, wala simtanii, lakini iandikwe kwenye karatasi kabisa kwamba kuna fungu la anayetunza samaki, sawa na la baharia, na kwamba ufunguo wa kasha la barafu anao yeye, nahodha hafungui kutoa barafu ya soda.

Mwisho Mhariri nina ombi, na hili ni kwa wenye mtaji na wenye madaraka wanaosoma gazeti. Gesi ya Songosongo, kisiwa ambacho ukisimama pwani hapa ni jirani yetu, inakwenda Dar kuzalisha umeme tangu 2004. Barafu sisi mara nyingi tunaisubiri kwa gari, na Hidaya ile ilivyokata barabara ya Kusini tulikaa na samaki na hakuna pa kuwapeleka wala cha kuwapoza. Kilwa Masoko imepata mradi wa bandari ya uvuvi, jambo kubwa, tunashukuru, na meli kubwa zitapata huduma. Tunachoomba ni kwamba barafu ya hapo iuzwe na kwa mwenye mashua, kwa bonge mojamoja, kwa bei inayobandikwa ukutani, na dirisha lifunguliwe saa tisa usiku wakati watu wanaondoka, sio saa mbili asubuhi wakati jua limeshawaka na maji yameshatoka. Na Kivinje, Somanga, Songosongo kila mahali pawe na mtambo mdogo hata wa tani mbili. Kijana apewe bonge lake la barafu kwanza, tutaona kama bado ataitaka ile tivii.

Mimi mchuuzi wa samaki,
Kilwa Kivinje